Msaada upo, ishu ni kuufikia

Kila watu wanapoongelea misaada kwa familia zenye kipato kidogo, mazungumzo yanaishia kwenye hela. Serikali imetenga ngapi, shirika limetoa ngapi, zinatosha au hazitoshi. Sawa, hela ni muhimu na mara nyingi kweli hazitoshi. Ila mimi kwa miaka nimekuwa najitolea kwenye dawati la kusaidia watu kujaza fomu za maombi, na kinachoniumiza zaidi ni wale wenye haki ya kupata ambao hawapati. Bajeti ipo, tangazo la programu limebandikwa ukutani, mtu ana vigezo vyote, halafu anarudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya karatasi moja au kisanduku kimoja alichoacha wazi.

Na huyo hutamwona kwenye ripoti yoyote. Ripoti inaandika waliopokea. Aliyekata tamaa akiwa kwenye foleni hana safu yake kwenye jedwali, kwa hiyo kwa macho ya ofisi ni kama hakuwahi kuja.

Ngoja nieleze fomu inavyokuwa, maana watu wengi wanaopanga hizi programu sidhani kama wamewahi kuijaza wenyewe wakiwa na shida kweli. Chukua swali moja tu, mapato yako ya mwezi ni kiasi gani, na pembeni kuna kisanduku kimoja kidogo. Kwa mwenye mshahara ni sekunde tano. Sasa kuna mama mmoja nilikaa naye, anaishi kwa vibarua vya usafi wa majumba, wiki hii kaitwa siku nne, wiki inayofuata hajaitwa kabisa, mwezi uliopita aliuguza mtoto hivyo hakuingiza kitu, kuna na sehemu amefanya kazi bado hajalipwa. Aandike nini? Akiandika ya mwezi mzuri anaonekana kavuka kiwango. Akiandika ya mwezi mbaya anaogopa kesho akaambiwa alidanganya na arudishe hela. Akaniambia, "Mwanangu, we niandikie tu unavyoona." Nikamwambia mama, siwezi kuandika ninavyoona, maana anayesaini hapa chini ni wewe na atakayeulizwa ni wewe.

Basi tukageuza bahasha kuukuu, tukaandika kazi moja moja za miezi mitatu, nyumba ya nani, siku ngapi, alipewa shilingi ngapi, tukajumlisha tukagawa kwa tatu, tukaandika maelezo kwenye karatasi ya pembeni akasaini, tukaibana pamoja na fomu. Hilo swali moja lilikula muda kuliko kurasa nyingine zote. Likafuata la idadi ya wanakaya, na hapo tena kazi, kwa sababu ana mjukuu anayelala kwake siku za shule na wikiendi yuko kwa baba yake, je anahesabiwa au hahesabiwi? Fomu haisemi. Na kila jibu linabadilisha kiasi.

Mama huyu si mjinga, hilo nataka lieleweke vizuri. Anaendesha nyumba kwa hela ambayo mimi na wewe tungeimaliza siku ya pili, anajua kichwani nani anamdai na nani anadaiwa. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wakulima wa miwa kule Tamil Nadu, India, ambao hulipwa kwa mkupuo baada ya mavuno. Wakapimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, wakati wamekaukiwa na wana madeni, wakapimwa tena baada ya kulipwa. Watu ni wale wale, na walifanya vizuri zaidi walipokuwa na hela. Yaani ukata wenyewe unakula nafasi ya kichwa. Sasa fikiria mtu aliye kwenye hali hiyo ndiye tunayempa fomu ndefu kuliko zote, ndiye tunayemwambia leta fotokopi tatu, nenda ofisi ile kagonge muhuri, rudi Alhamisi. Mwenye nafasi ya kichwa na gari na bosi anayemruhusu kutoka kazini hahitaji hizo huduma. Anayezihitaji ndiye asiye na hivyo vyote.

Kuna watu watakwambia vikwazo ni bahati mbaya tu, urasimu wa kawaida. Sehemu ni kweli. Ila historia ina upande mwingine. Uingereza walikuwa na sheria ya maskini tangu 1601, kila parokia inakusanya kodi na kuwatunza maskini wake, jambo zuri tu. Halafu 1697 ikapita sheria kwamba anayepokea msaada ashone kwenye nguo yake, begani upande wa kulia, herufi P pamoja na herufi ya kwanza ya parokia yake, ili kila mtu amjue. Ilikuja kufutwa 1810. Na 1834 wakaleta mfumo mpya, ukitaka msaada uingie kwenye nyumba ya kazi, familia zinatenganishwa, baba huku mama kule watoto kwingine, na kanuni iliyotangazwa waziwazi ni kwamba maisha ya mle ndani lazima yawe mabaya kuliko ya kibarua wa chini kabisa wa nje. Walitaka watu waogope kuomba. Usumbufu ulipangwa.

Herufi P haipo tena nguoni, lakini wazo lake bado linatembea ofisini. Nimeshawahi kusimama na mtu dirishani, mhudumu anamuuliza kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Na huyu mtoto wa tatu baba yake ni nani?" huku nyuma kuna foleni ya majirani zake. Yule dada alijibu kwa sauti ya chini na tangu siku ile hakurudi kufuatilia. Msaada wake uliishia pale pale.

Tuje karibu zaidi. Mwaka 2018 jimbo la Arkansas, Marekani, liliweka sharti kwamba baadhi ya watu wazima wanaopata bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo wathibitishe wanafanya kazi au shughuli zinazokubalika saa 80 kwa mwezi. Mwanzoni njia pekee ya kuripoti ilikuwa mtandaoni. Na huo mtandao wenyewe ulikuwa unafungwa kuanzia saa 3 usiku mpaka saa 1 asubuhi! Mtu anayetoka shifti ya usiku, hana kompyuta, simu yake haina bando, ataripoti saa ngapi? Zaidi ya watu 18,000 walipoteza bima ndani ya miezi michache, na watafiti walipofuatilia wakakuta zaidi ya asilimia 95 ya waliolengwa na sharti walikuwa tayari wanalitimiza au walistahili kusamehewa. Mahakama ikalisimamisha Machi 2019. Watu walikuwa wanafanya kazi, walichoshindwa ni kuingia kwenye sistimu na kubonyeza.

Kwa hiyo mtu akiniambia "tunahitaji kuwaelimisha wananchi kuhusu fursa zilizopo" mimi nasema sawa, ila elimu peke yake haimfikishi mtu dirishani. Kuna utafiti mmoja ambao naupenda sana kwa sababu unaonyesha nachokiona dawatini. Marekani mwanafunzi wa familia ya kipato kidogo anapata ruzuku ya chuo, lakini lazima ajaze fomu moja ndefu kweli kweli. Watafiti wakaenda kwenye ofisi za kuandalia mahesabu ya kodi, ambako familia hizi zinakwenda kila mwaka na taarifa zao za mapato tayari ziko kwenye kompyuta. Kundi moja likasaidiwa kuijaza fomu palepale kwa dakika chache. Kundi lingine likapewa taarifa tu, kwamba mnastahili kiasi fulani na fomu ni hii hapa. Matokeo yalichapishwa 2012. Kwa vijana wa sekondari ambao wazazi wao walisaidiwa kujaza, waliomaliza miaka miwili ya chuo ndani ya miaka mitatu walikuwa asilimia 36, dhidi ya 28 kwa wasiosaidiwa. Na wale waliopewa taarifa tu? Hakuna tofauti ya maana. Dakika chache za mtu kukaa na wewe zilibadilisha maisha ya mtoto, kipeperushi hakikubadilisha kitu.

Na kinyume chake kipo pia. Ofisi zinazopokea maombi ya mafao ya ulemavu huko huko Marekani zilipofungwa kwenye baadhi ya maeneo, idadi ya wapokeaji wa maeneo yale ilishuka kwa asilimia 16. Sheria haikubadilika, vigezo ni vile vile, ulemavu haukupona. Kilichoondoka ni dirisha na mtu wa nyuma yake, na zile ofisi za jirani zikafurika foleni. Sasa hivi kila serikali inakimbilia kuhamishia huduma mtandaoni, na mimi siupingi mtandao, unarahisisha sana kwa wengi, naomba tu usiwe sababu ya kung'oa dirisha. Nimeona mzee anashika simu ya mjukuu wake, namba ya uthibitisho inaingia, kabla hajaisoma muda umeisha, inabidi aanze upya, mara ya tatu akaunti imefungwa kwa sababu za kiusalama.

Ambao nawaonea wivu kwa jambo hili ni Wabrazili. Programu yao ya Bolsa Família ilianza 2003, inalipa familia maskini kila mwezi kwa kadi, na kadi mara nyingi inatoka kwa jina la mama. Watoto waende shule, wapate chanjo. Hiyo wengi wanaijua. Ila 2011 waliongeza kitu ambacho kwao kinaitwa busca ativa, yaani serikali ndiyo itoke kuwatafuta maskini, isisubiri maskini waitafute serikali. Wahudumu wakaenda kwenye makazi ambayo hayapo kwenye ramani ya ofisi, kando ya mito, kwa wanaolala barabarani, kwa waokota taka, kuwaandikisha kwenye daftari moja la taifa linalotumika kwa programu nyingi. Ukishaandikishwa mara moja huanzi upya kila dirisha. Huo uamuzi wa nani atembee ndio naona uamuzi mkubwa kuliko mingine yote kwenye misaada. Mmoja lazima atembee, ama mhudumu mwenye mshahara ama mama mwenye mtoto mgongoni.

Njia nyingine ni kupunguza maswali. Kenya walipoanzisha pensheni kwa wazee wote wa miaka 70 na kuendelea mwaka 2018, swali kubwa lilibaki moja tu, una umri gani. Bado kuna usajili, bado kuna malalamiko ya malipo kuchelewa, lakini hakuna anayekaa kubishana kama mzee ni maskini wa kutosha. Tanzania kupitia TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, wamechukua njia tofauti, jamii yenyewe inakaa kwenye mkutano wa kijiji inataja kaya zilizo na hali mbaya zaidi, halafu linafuata dodoso la kuhakiki. Faida yake kijiji kinawajua watu wake kuliko kompyuta yoyote. Tatizo lake kijiji kina siri zake na magomvi yake, mama aliyekosana na wazee anaweza asitajwe, aliyehamia juzi hajulikani. Mimi ningechagua swali moja la umri au la watoto wangapi wadogo, hata kama kuna asiyehitaji atakayeingia humo. Wachache hao hawanikoseshi usingizi. Anayekosa akiwa anahitaji ndiye wa kunikosesha.

Najua hapa watu wanakuja na hoja ya wavivu na walevi. Hii hoja nimeisikia hata kwa watu wazuri tu, hata kanisani na msikitini. Watafiti wa Benki ya Dunia mwaka 2014 walikusanya tafiti 19 kutoka mabara mbalimbali kuhusu familia maskini zinazopewa pesa taslimu, kuangalia kama hela inaishia kwenye pombe na sigara. Karibu zote zilionyesha matumizi hayo hayaongezeki, na nyingine yanapungua. Na kwa nilivyoona mimi, mtu akipata hela ya kwanza analipa deni. Kodi ya nyumba, ada, dawa alizokopa. Wanaobaki na kitu wananunua cherehani au mtaji mdogo. Hakuna anayetajirika kwa hizi hela.

Kwa sababu ya hofu ya wadanganyifu tunajenga mifumo inayomchukulia kila mwombaji kama mtuhumiwa, na ikiharibika inaharibu vibaya mno. Australia kuanzia 2015 na 2016 walitumia kompyuta kukagua waliolipwa mafao, wakachukua mapato ya mtu ya mwaka mzima wakayagawa sawa kwa kila wiki mbili, kisha wakamwambia ulizidishiwa, rudisha. Mkumbuke yule mama wa vibarua, mapato yake ya mwaka ukiyagawa sawasawa yanaonyesha maisha ambayo hajawahi kuishi hata wiki moja! Serikali ilikuja kurudisha fedha za watu, na tume ya kifalme iliyotoa ripoti yake 2023 iliuita mfumo ule wa kikatili na kinyume cha haki. Uholanzi nako maelfu kwa maelfu ya wazazi walishutumiwa kimakosa kwamba wamedanganya ruzuku ya malezi ya watoto, wengine kwa kosa dogo la fomu kama saini iliyokosekana, wakadaiwa kurudisha kila kitu, familia zikafilisika, na wenye asili ya nje waliumia zaidi. Serikali ya Mark Rutte ilijiuzulu Januari 2021 kwa ajili hiyo. Serikali nzima, kwa fomu.

Na hata pale mfumo unapofanya kazi vizuri kuna mtego wa kiwango. Mtu ana msaada wa matibabu na wa pango, anapata nyongeza kidogo kazini, anavuka mstari kwa kiasi kidogo sana, anapoteza vyote kwa pamoja na anabaki na hali mbaya kuliko kabla ya nyongeza. Dawati letu linapata watu wanaouliza kabisa, "nikubali hii kazi au nisikubali?" Ni swali la mtu anayepiga hesabu vizuri. Jibu lingekuwa msaada upungue polepole kadiri mapato yanavyopanda, na zipo nchi zinazofanya hivyo kwa baadhi ya mafao.

Basi nani akae na mtu kwenye fomu? Naamini jamii yenyewe, lakini ilipwe. Kazi ya kujitolea naipenda na naifanya, ila kujitolea kuna mwisho, mtu anaugua, anahama, anapata ajira. Marekani mwaka 1964, kwenye ile vita dhidi ya umaskini ya Rais Lyndon Johnson, waliandika kwenye sheria kwamba mashirika ya kijamii yanayopewa fedha lazima yaendeshwe kwa ushiriki mkubwa iwezekanavyo wa wakazi wanaohudumiwa, na mpaka leo yako zaidi ya 1,000 nchi nzima. Tena kuanzia Atlanta mwaka 1997 wakaanzisha namba fupi ya simu, 211, unapiga unaongea na binadamu anayejua huduma za eneo lako, ukikosa kodi ya nyumba anakwambia nenda wapi na beba nini. Kikundi cha mtaa kinaweza kufanya hiyo kazi hata bila namba ya taifa, daftari la huduma zote, vigezo vyake, siku za ofisi, jina la anayehusika, likiwa linarekebishwa kila mwezi. Usiporekebisha ni bora usiwe nalo, maana kumpeleka mtu umbali wote ule kwenye ofisi iliyokwisha hama ni kumwongezea mzigo.

Azimio la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 25, linataja huduma za jamii na hifadhi pale mtu anapokosa kazi, anapougua, anapozeeka. Haki, limesema. Shirika la Kazi Duniani linasema mwaka 2023 ndio kwa mara ya kwanza zaidi ya nusu ya watu duniani, asilimia 52.4, walikuwa na angalau kinga moja ya hifadhi ya jamii. Waliobaki ni watu bilioni 3.8. Kwa wanaopanga bajeti za programu mpya ninachoomba ni kwamba mnapoandika fungu la ruzuku, andikeni na fungu la watu wa kukaa na waombaji, mshahara na nauli, tangu mwaka wa kwanza, msisubiri tathmini iwaambie "mwitikio ulikuwa mdogo".

Na kwako unayesoma ukiwa na ombi lako mkononi. Usiende peke yako kama una mtu wa kwenda naye, hata asiyejua chochote, ukiwa na shahidi unasemeshwa vizuri zaidi. Tengeneza bahasha moja ya karatasi zako zote na piga picha kila ukurasa kabla hujaukabidhi. Muulize aliyepokea jina lake na tarehe, andika. Ukikataliwa kwa mdomo omba waandike, maana bila maandishi huna cha kukatia rufaa. Rufaa nyingi zinashinda kwa sababu tu kuna karatasi haikuonekana mara ya kwanza, na wengi hawakati, wanadhani barua ya kukataliwa ndio mwisho. Isome mpaka chini kabisa, kwa kawaida siku za kukata rufaa zimeandikwa kwenye mistari ya mwisho kwa herufi ndogo, na sehemu nyingine zinahesabiwa tangu barua ilipoandikwa, nyingine tangu ulipoipokea, kwa hiyo na ile bahasha yenye muhuri wa posta usiitupe.